Bunduki Iliyoacha Kununa

Ijumaa, 11 Septemba

Kesho msimu wa kindi unafunguliwa, na bunduki ya Baba bado iko kwangu. Haikutakiwa kuwa kwangu. Desturi yetu haina utata. Baba alituachia ile ishirini na mbili yake, bunduki ya risasi ndogo, mimi na kaka yangu Denzil kwa pamoja, mwaka kwangu, mwaka kwake, na tunakabidhiana jioni ya kuamkia ufunguzi, baada ya maharage na mkate wa mahindi. Anayepokea anapitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kikitoka na uchafu, aliyekabidhi atamchunia mwenzie kindi msimu mzima. Mimi sijawahi kumchunia Denzil hata mmoja. Yeye kanichunia mpaka mkewe akakataa kumpa mkono.

Leo walikuja, Denzil na huyo wifi yangu, Oleta. Wifi ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na mimi nilipoona hivyo nikajua kuna jambo, maana Denzil hajawahi kumwachia mtu gari lake hata alipovunjika mguu. Jicho lake la kulia limeshakwenda. Anaona pembeni tu, katikati kuna doa. La kushoto nalo limeanza. Daktari wa macho kule Charleston kamwambia huenda likafika Krismasi, huenda lisifike, na dawa hakuna.

"Kwa hiyo huu ndio msimu wangu," alisema huku akijipakulia maharage, utadhani anazungumzia bei ya mbolea. "Nataka nikae chini ya ile miti ya hikori ya Baba, na bunduki ya Baba, nipige kindi wa mchuzi. Baada ya hapo basi, mtaniwekea redio."

Tukatoka uani kuijaribu kwenye udongo wa kilima nyuma ya banda. Bunduki yenyewe ni ya zamani, Baba aliinunua kabla hajaoa. Risasi unazimimina kwenye tundu la kitako, halafu kazi yako ni kuvuta kifyatulio tu, yenyewe inatema ganda na kujipakia. Ikitaka. Denzil alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu ganda tupu likakwama kwenye mlango wa kutokea, limesimama wima.

"Kanuna!" akasema, kwa sauti ileile ya Baba, akacheka mpaka akakohoa. Baba hakuwahi kuitukana ile bunduki. Ikikwama alisema "Kanuna," akalitoa ganda kwa ukucha, akaendelea.

Mimi sikucheka. Aibu ilinishika. Imekaa kwangu mwaka mzima, halafu nimkabidhi kitu kinachokwama, na msimu wenyewe ndio huu?

"Iache kwangu wiki moja," nikamwambia.

"Achana nayo, Velva. Imekwama tangu nizaliwe."

"Wiki moja tu, kaka. Ukiiona hutaitambua."

"Haya, Bi Sufuria," akasema. Ananiita hivyo tangu nilipoanza kupika shuleni. "Wiki moja."

Jumamosi, 12 Septemba

Milio bondeni tangu alfajiri, kila mtu yuko msituni. Nilimpigia Denzil nikamwambia achukue bunduki yangu ya marisau. Akasema atangoja ya Baba.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimeifungua yote, nimeipanga mezani juu ya gazeti, kila skrubu mahali pake. Miaka sitini na nne nimefika ndipo naigusa bunduki hii kwa ndani, ukiacha mtutu. Baba hakuniruhusu. Kuisafisha ilikuwa kazi ya Denzil, Jumamosi jioni, wawili hao barazani wakinong'ona na kucheka, na mimi jikoni nasugua masufuria. Nilikuwa nalenga kuliko Denzil, Baba mwenyewe alikuwa anakiri, lakini mafuta na kitambaa alipewa yeye.

Na alivyokuwa akiipaka! Ndani kuna mafuta ya tangu enzi za Baba, yameganda na masizi na nta ya risasi mpaka yamekuwa gundi. Kaka yangu aliipaka mafuta kama anayetaka kuikaanga. Nimesugua kwa mswaki mpaka saa ya chakula ikanipita. Nimefurahi sana leo, sijui niseme vipi.

Jumatano, 16 Septemba

Springi imeruka. Nimelala kifudifudi jikoni na tochi.

Alhamisi, 17 Septemba

Springi ilikuwa chini ya friji, pamoja na kile kijiko nilichomsingizia wifi tangu Pasaka. Sitamwambia.

Jumanne, 22 Septemba

Ugonjwa nimeupata. Kile kijino kidogo cha chuma kinacholishika ganda na kulivuta nje kimelika, kimekuwa butu kama jino la ng'ombe. Kuna jamaa Ohio anauza vipuri vya bunduki zilizokufa. Anacho. Ananiletea kwa posta.

Denzil kapiga simu. "Wiki imeisha, Bi Sufuria."

"Kipuri kiko njiani."

"Na mimi jicho liko njiani," akasema, akacheka. Nikacheka na mimi.

Jumamosi, 3 Oktoba

Kijino kimefika, nimekilainisha kwa tupa, kimekaa sawasawa. Nimepiga boksi zima la risasi kwenye kilima na haikukwama hata mara moja. Yaani inatema maganda mpaka raha. Kile cha zamani nimekitia kwenye kopo la hamira, maana situpi kitu.

Ningeweza kuiweka garini na kumpelekea leo hii. Lakini niliilaza mezani chini ya taa nikaitazama, nikaona haya. Ndani mpya, nje kama imefukuliwa. Vanishi imebanduka, mikwaruzo kila mahali, na pale shingoni mwa kitako, kidole gumba kinapolala, kuna kishimo cha ukubwa wa kunde, kibaya, kimeingia uchafu mweusi. Nampaje hivi mtu anayeipokea mara ya mwisho?

Kishimo kwenye mbao dawa yake naijua, nimekwisha kuitumia kwenye meza. Unalowesha kitambaa, unakiweka juu, unakandamiza na pasi ya moto. Mvuke unaingia, mbao inavimba, inarudi. Nilifanya hivyo, ikapanda kidogo. Nikarudia. Nilipofunua mara ya mwisho kishimo hakipo! Pamekuwa laini kama shavu la mtoto. Nilijipigia makofi mwenyewe humo jikoni.

Jumatatu, 5 Oktoba

Msasa kutwa nzima. Vumbi la mbao mpaka kwenye siagi. Jioni nikapaka mafuta ya kitani, ya kopo la Baba lililokuwa bandani. Rangi ya mbao imetoka, nyekundu iliyokolea, hata sikujua kwamba iko humo. Ikikauka tu nampelekea.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 7 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua. Mafuta bado yananata. Nimepaka mkono wa pili juu yake, labda utavuta ule wa kwanza.

Jumatatu, 12 Oktoba

Denzil kaja mwenyewe, Oleta akabaki garini. Alipanda ngazi za baraza akizipapasa kwa mguu kwanza, na alipofika juu alijifanya anafuta buti matope. Niliona, nikajifanya sikuona.

"Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Bado haijakauka, kaka."

"Haijakauka nini? Umeifua?"

"Nimeipaka mafuta mbao. Nikikupa sasa itakunasa mikono."

Majani ya miti yalikuwa yameanza kuanguka, yale ya manjano, na aligeuza shingo upande kuyatazama kwa ukingo wa jicho, kama kuku. "Majani yakishaanguka yote kindi wanaonekana vizuri," akasema. "Hata na mimi nitawaona."

"Siku chache tu. Itakuwa nzuri mpaka utalia."

"Sikukuomba nzuri, Velva," akasema, lakini kwa upole, akashuka ngazi akishika ukuta.

Alipoondoka nilimkasirikia kidogo. Mtu unamfanyia kazi ya mikono, hata asante hana. Ndivyo alivyo tangu utoto, haraka haraka, ndiyo maana masizi yalijaa mle ndani.

Jumapili, 18 Oktoba

Mvua. Inanata. Nimeisogeza karibu na jiko, nikaogopa itapasuka, nikairudisha.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimeharibu. Ule mkono wa pili umelala juu ya wa kwanza ukiwa mbichi, na sasa kitako kizima kimekuwa utomvu, ukikigusa kinabaki na alama za vidole. Imebidi nikwangue kila kitu kwa waya wa kusugulia masufuria na kuanza upya. Nimekwangua huku nikijisema kwa sauti. Jirani akinisikia atadhani nina mgeni.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mkono mmoja, mwembamba. Mvua.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua. Majani yameanguka yote.

Alhamisi, 5 Novemba

Wifi alipiga simu wakati Denzil yuko bandani, nilimsikia anaongea chinichini.

"Velva, mletee hiyo bunduki."

"Wiki ijayo itakuwa tayari kabisa, wifi. Bado kuing'arisha tu."

"Hunisikii. Jana alimimina kahawa mezani akidhani kuna kikombe. Kila asubuhi anaketi dirishani anaitafuta ile nguzo ya uzio, anafumba jicho moja, anafumba lingine. Anajipima. Kaniambia nisikwambie."

"Kwa nini usiniambie?"

"Anasema umeifurahia kazi hiyo, tusikuvunje moyo."

Nilikata simu nikakaa. Kumbe aliona. Na mimi nilidhani ananung'unika.

Nimegusa kitako. Bado kinanata, kidogo sana. Nitakwenda hivyohivyo? Kitamkamata mashavuni. Siku mbili tatu tu, redio inasema jua linakuja.

Jumamosi, 7 Novemba

Jua! Nimeiweka barazani, nimeketi nayo kutwa kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike.

Jumapili, 8 Novemba

Leo nimeipeleka.

Baada ya kanisa, imefungwa kwenye blanketi safi. Nyumba nzima ilinukia tufaha, Oleta alikuwa anapika siagi ya tufaha, ile ya kupaka mkate, na Denzil alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya dirisha, amevaa tayari koti la kuwindia. Sijui kama huwa analivaa siku zote au Oleta alimwambia nakuja. Sikuuliza.

Nilimwekea mapajani. Alifunua blanketi polepole. Kwanza alitoa kitambaa cheupe mfukoni, desturi ni desturi, akakisokota kwenye ufito wa kusafishia, akakipitisha ndani ya mtutu. Akakitoa. Akakileta mbele ya uso, akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia, akakiinua juu kwenye mwanga. Kisha akaniuliza, "Kimetoka cheupe?"

Nilikitazama kile kitambaa mkononi mwake, hakina hata doa.

"Velva. Cheupe?"

"Cheupe, kaka."

"Basi umeshinda tena," akasema.

Akaiinua, akaiegemeza begani, akaielekeza dirishani. Shavu likalala pale pale lilipozoea. Alikaa hivyo muda mrefu. Alihamisha kichwa kidogo, akarudisha. Ile bunduki ina kichembe cha shaba kwenye ncha ya mtutu, ndicho unachokiweka juu ya kindi. Nilijua anakitafuta hicho. Oleta alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, siagi inadondoka sakafuni na hajali.

"Sikioni," akasema. "Mwezi uliopita ningekiona. Nilijaribu kwa bunduki ya Oleta, nilikuwa nakiona vizuri tu. Wiki iliyopita kilikuwa kinakuja na kuondoka." Akaishusha. "Si kitu. Nilichelewa tu."

Alichelewa yeye! Ndivyo alivyosema. Mimi ndiye niliyemchelewesha, na kila mtu chumbani alijua, na yeye akajitwika.

Halafu kidole gumba chake kikaanza kutembea. Kilikwenda shingoni mwa kitako, kikapapasa, kikashuka, kikapanda. Akaweka bunduki vizuri, akaishika upya, akapapasa tena.

"Kiko wapi?"

"Nini, kaka?"

"Kishimo changu."

Nikamweleza. Kitambaa, pasi, mvuke. Nilieleza mpaka ukubwa wa kitambaa, maana nilikuwa naogopa kunyamaza.

Denzil alisikiliza yote. Kisha akasema, "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba aliniachia niibebe peke yangu kwa mara ya kwanza, tukavuka kijito, nikateleza. Sikujishika, niliishika yenyewe, na bado ikapiga jiwe. Nikajua leo nimekufa. Baba akaichukua, akaitazama pale, akakichukua kidole changu hiki akakiweka ndani ya kishimo. Akasema, 'Sasa ni yako pia, umeshaitia alama.' Basi. Hakusema zaidi." Akacheka kidogo. "Kila ninapoishika kidole kinakwenda chenyewe. Gizani, kwenye ukungu, popote. Nilijua hata macho yakienda, hicho kitabaki."

"Hukuniambia, Denzil! Miaka yote hiyo, hukuniambia."

"Hukuwa na haja ya kujua, Velva. Kilikuwepo tu."

Laiti angenitukana. Laiti angesema Bi Sufuria umeniharibia mali ya Baba. Alinishukuru kwa kazi nzuri, akasema mbao imekuwa laini sana, na akaniambia nirudi nayo, ikae kwangu, ukuta wa kwao una unyevu. Ukuta wa kwao hauna unyevu. Nimerudi nayo, iko pale mezani inang'aa, na siwezi kuitazama.

Jumatatu, 9 Novemba

Sina la kuandika.

Alhamisi, 26 Novemba. Siku ya Shukrani

Tumekula kwa Oleta. Denzil alikuwa mchangamfu, alimtania kila mtu, aliniuliza kama bata mzinga nimempiga pasi. Nilicheka, nikaenda kulia kwenye chumba cha nguo.

Baada ya kula akasema anataka kuisikia. Alikuwa kaniambia nije nayo. Tukatoka uani, nikamsimamisha mbele ya ule mteremko wa udongo, nikamshika mabega nikamwelekeza. "Hapo kaka, chini kidogo. Hapo."

Akapiga. Akapiga tena, na tena, polepole, anangoja kila mara. Maganda yaliruka yakaangukia nyasi, safi, hakuna lililokwama, mpaka bunduki ikaishiwa risasi. Akasimama nayo bado begani.

"Imeisha?"

"Imeisha. Inafanya kazi vizuri, umeona?"

"Nimesikia." Akanirudishia. "Nilikuwa naingoja inune."

Akaenda ndani, mkono kwenye bega la Oleta. Mimi nikaokota maganda.

Jumapili, 6 Desemba

Nawaza mambo ya ajabu. Nawaza kuchukua nyundo na jiwe la kijitoni nikirudishe kishimo. Nilifika mpaka kushika nyundo. Lakini kingekuwa changu hicho, na yeye angekijua mara moja.

Nilitaka anisifu. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya kazi yote hiyo, na sikuliona mpaka sasa. Nilitaka kaka yangu aseme mbele ya Oleta kwamba Velva anajua kuitunza kuliko yeye na Baba. Kwa ajili ya hilo nimemlia msimu wake.

Ijumaa, 25 Desemba

Jicho halikufika. Lilizimika wiki iliyopita. Anaona mwanga na kivuli.

Jumatano, 13 Januari

Theluji. Denzil ana kikohozi, hatoki nje.

Jumanne, 2 Februari

Nilikuwa natafuta hamira nikafungua kopo nisilolitaka. Kijino cha zamani kilikuwa humo.

Nimekiweka kiganjani jioni nzima. Niliogopa. Kila nilipoigusa bunduki ile kuitengeneza nimeondoa kitu. Lakini hiki sikukiondoa kabisa, hiki kipo, butu kama kilivyokuwa. Nimeifungua, nimetoa cha Ohio, nimerudisha cha Baba. Halafu nikaimwagia mafuta mengi ndani, ya kukaangia kabisa, kama Denzil. Mikono ilikataa, nikailazimisha.

Jumamosi, 27 Februari

Kesho msimu unafungwa, na kesho yenyewe ni siku ya kanisa. Leo nilikwenda kumchukua.

"Twende kwenye hikori," nikamwambia.

"Nikafanye nini, nikawasalimie kindi?"

"Vaa koti, Denzil."

Tulipanda taratibu, ameshika mshipi wangu kwa nyuma, na kila gogo nililitaja. Nilimketisha chini ya ile hikori kubwa, mgongo kwenye shina, mahali pa Baba. Tukanyamaza. Baada ya muda kindi wakaanza kukwaruza juu, na Denzil akainua kidole, akaonyesha mmoja, akaonyesha mwingine. Hakukosea. Niliona mikia yao pale pale alipoonyesha.

Hatukuwapiga. Mbele yetu kulikuwa na kisiki kilichooza chini ya ukingo mrefu wa udongo. Nikampa bunduki, nikamwelekeza mabega. Akapiga ya kwanza. Kindi wote wakakimbia. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, akavuta tena, na kimya.

Alikaa hivyo. Kisha mkono wake ukaenda mlangoni, ukaligusa lile ganda limesimama wima.

"Kanuna," akasema.

Akacheka. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, mpaka kikohozi kikamkamata, na mimi nikacheka naye huku machozi yananitoka, na alisema tena, "Kanuna, Velva! Huyu hakupona!" Akalitoa ganda kwa ukucha, kama Baba. Hakuniuliza nimefanya nini. Alijua.

Kisha akaishika upya, apige tena. Kidole gumba kikaenda shingoni mwa kitako, kikapapasa mbele, kikapapasa nyuma. Kicheko kikaisha polepole. Kidole kikaendelea kutafuta, na mimi niliyekuwa nimeketi karibu naye nikageuza uso nikaangalia miti.